Mama Seli na Meno ya Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtafiti wa meno aliyetutoka wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Mtaani kwao walimwita Mama Seli. Nitawaeleza kwa nini, na mkicheka msione aibu, maana mwenyewe alicheka kuliko wote.

Alipopata kazi maabara, mama yake mzazi, fundi cherehani, hakuweza kunyamaza. Majirani walipomuuliza binti yuko wapi siku hizi, akajibu, "Mwanangu yuko kwenye seli. Anaingia asubuhi, anatoka jioni." Jioni hiyohiyo wakaja kumpa pole. Mmoja akauliza kwa upole kama dhamana imeshindikana. Kumbe, jamani, ni seli za darubini, zile chembe hai ndogo zinazojenga mwili. Si seli za polisi. Jina likaganda.

Sasa, alichunguza seli zipi? Za ile nyama inayoshika jino. Jino halikumwagiwa zege kwenye taya. Linashikwa na nyuzi, na nyuzi hizo hutengenezwa na seli. Mama Seli alichukua meno yaliyong'olewa, ya vijana na ya wazee, akakwangua seli kwenye mizizi, akazikuza ndani ya visahani. Za vijana ziligawanyika na kujaa. Za wazee zilijivuta. Nyingine ziligoma kabisa kugawanyika, na bado hazikutulia: zilitoa kemikali zinazochochea uvimbe kwa jirani zao. "Kama mgeni asiyeosha hata kikombe," alikuwa akisema, "halafu analalamikia chakula."

Siku moja mwenzake wa maabara alitazama kisahani cha seli za wazee. Akasema, "Hizi zimekufa. Mwaga."

Mama Seli akakivuta kwake. "Hazijafa. Hazina haraka."

Akaendelea kuzilisha. Taratibu, zikaongezeka. Si zote, wala si kama za vijana, lakini zikaongezeka. Lishikeni neno hilo, wasikilizaji wapendwa: hazijafa, hazina haraka.

Lishikeni kwa sababu baadaye zamu ikawa ya mama yake. Meno ya mbele yalianza kulegea, yaleyale aliyokatia uzi maisha yake yote. Daktari akashauri yang'olewe, umri umekwenda. Na huyu mama alikuwa na kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Ghafla akaanza kucheka ameziba mdomo kwa kitambaa. Kaka yake Mama Seli aliniambia hivi: "Dada alipokiona kile kitambaa, hakuwa na raha tena. Seli za kwenye visahani alizijua. Za mama, hakuwa na uhakika nazo."

Alimwomba daktari muda. Daktari, muungwana, akakubali. Ufizi ukasafishwa mpaka chini kwenye mizizi, na uvimbe ukapungua. Mkasi ukafungwa kwa utepe kwenye cherehani, ili meno yasiguse uzi tena. Na kabla ya kulala, binti alisimama mlangoni mwa bafu kukagua.

"Mama, na kule nyuma."

"Wewe mtoto, mswaki nilikufundisha mimi."

Wakasubiri. Jino moja halikupona, likang'olewa. Mengine yakashika. Kitambaa kikarudi kufanya kazi yake ya kufuta jasho.

Kwa mama mzazi, kwa kaka, na kwa wenzake wa maabara: poleni sana. Tumempoteza mtu wetu. Tena tunasema asante, asante sana, kwa kutuazima binti huyu akakaa na vitu ambavyo wengine wangevimwaga.

Na wewe unayenisikiliza, huenda una mzazi anayetafuna upande mmoja na kusema ni uzee tu. Leo muulize panamuuma wapi. Mpeleke akatazamwe. Uzee ni kweli, unapunguza mwendo. Ila kupunguza mwendo si kufika mwisho, na mimi ninayewaambia haya nimeshapanga miadi yangu.

Nimalizie na jambo nililoliona msibani. Walimletea mama mzazi chakula kilichopondwapondwa, wakiuhurumia umri wake. Alikitazama, akakisogeza pembeni. Alilia kidogo, akajifuta macho kwa kile kitambaa.

"Nipeni nyama kama wenzangu," akasema. "Mwanangu hakukaa seli bure."