Paa Kumi na Wanne wa Shamba la Kunde

Mgeni rasmi, Sheikh Yaarub bin Fahd, mkurugenzi wa idara inayotuletea maji. Mwenyekiti wetu, Bwana Sleyum. Majirani zetu wa Al Amerat. Mabibi na mabwana: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

MAKARIBISHO

Sisi Jamaa wa Shamba la Kunde tunakukaribisha kwa furaha, na kwa khofu kidogo. Tumekuandikia barua nyingi, na leo, Alkhamisi hii ya Aprili 2005, siku yako ya kupumzika na watoto, umekuja mwenyewe kwa miguu yako. Mungu akulipe kheri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi, mgeni rasmi, tunaumwa.

Tumeambiwa mama yako, Bi Ghadeer, alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na kwamba nyumbani kwenu Kiswahili hakijahama. Kwa hivyo risala hii tumeiandika kwa lugha tunayojua kuombea. Nakala ya Kiarabu imo ndani ya bahasha kwa ajili ya faili. Mambo ni yale yale, ila hii ina chumvi zaidi.

Tuseme mapema tunachokitaka, usije ukakaa ukikisia huku kahawa yako inapoa. Tunataka gari la maji. Barua ya idara yako inasema kwamba gari linalokuja hapa kila Jumapili kujaza hodhi letu halitakuja tena baada ya mwezi huu. Yote mengine utakayoyasikia ni sababu.

ASILI YETU

Tulioanzisha jamaa hii tulikuwa wanaume saba, sote wazaliwa wa Unguja. Mkubwa wetu alikuwa marehemu Harub bin Sinan. Baba yake alikuwa na shamba Muyuni, pale udongo unapokwisha na uwanda wa mawe unapoanza. Mzee yule alipanda kunde na viazi vitamu, na mistari mitatu ya mwisho, iliyopakana na msitu, hakuna mtu aliyeruhusiwa kuichuma. Ilikuwa ya paa.

Paa nunga hutoka msituni alfajiri, anakula majani ya kunde, anarudi. Siku ya pili anakuja na mwenzake. Akishazoea kabisa, akija hata bila ya kusimamisha masikio, ndipo watu wanapotandaza wavu nyuma yake na kuwaachia mbwa. Ndivyo tulivyokula nyama, mgeni rasmi. Tulimlisha mwezi mzima, akatulisha siku moja.

Tunaikumbuka Unguja, wala hatuoni haya kusema. Tunakumbuka harufu ya majani ya kunde yaliyolowa umande. Tunakumbuka mama zetu wakitia nazi ya mwisho kwenye mchuzi wa paa na kutufukuza jikoni kwa mwiko. Tulipofika huku miaka ya sabini, nchi hii ilitupokea vyema ikatupa kazi. Harub alikuwa bandarini, Sleyum forodhani, na mimi Thabit, katibu wenu ninayesoma hapa, posta. Tulijenga nyumba mjini, Azaiba na Ansab, tukaoza watoto, tukashukuru. Lakini mtu akishastaafu, saa za alfajiri zinakuwa ndefu, na kila mmoja wetu alikuwa anaamka anatafuta kitu na hajui ni kitu gani.

Harub ndiye aliyekijua. Mwaka 1993 alipewa kipande hiki mlichokikalia, ukingoni mwa wadi, bonde hili la mto mkavu, akamwambia mkewe, Bi Masouda, ambaye yuko mbele yako hapo mwenye buibui la nakshi, "Nnataka kulima kunde."

Bi Masouda akamjibu, "Kunde zimejaa madukani Azaiba. Uvuke milima yote hiyo kwa kunde?"

"Si za kula sisi," Harub akasema.

KULIMA NA KUGAWANA

Hapa tunaungama. Shamba hili lilipandwa kwa nia ya kuwinda. Harub alisikia kwamba paa wa huku, ambao wenyeji wanawaita dhabi, wanateremka mlimani mpaka wadi hii. Tulijua kuwa kuwawinda ni marufuku. Tulikuwa watu wazima wenye pensheni, tuna wajukuu, na tulikuwa na bunduki moja kuukuu iliyowahi kulia kwenye harusi tu. Kosa hilo ni letu, na waliokufa miongoni mwetu wangelikiri kama tunavyolikiri sisi.

Mwaka wa kwanza hakuja paa hata mmoja. Tuliliandaa shamba kama tulivyofunzwa kwetu, shamba safi, halina jani la mwitu. Tulikata migunga yote na mikunazi yote, tukang'oa visiki, tukapanda kunde kwa kamba iliyonyooka. Jirani yetu Saeed, mfugaji, alisimama pale kwenye jiwe akatazama, kisha akacheka hadi akakaa chini.

"Huyu dhabi anaishi kwa migunga," alituambia. "Anakula majani yake, anakula maganda yake, analala kivulini mwake. Nyinyi mmekata chakula mkapanda mboga."

Kisha tukaanza kupanda migunga, kitu ambacho baba zetu wangetucheka makaburini. Hii iliyokufunika kivuli ni ile ile ya mwaka 1994. Kunde tuliziacha katikati, na hodhi la maji tukalijenga kando yake.

Msimu uliofuata paa jike alikuja. Ilikuwa baada ya sala ya alfajiri, sote saba tumelala matumbo chini nyuma ya ukuta wa mawe, bunduki iko kwa Harub. Sasa kwetu kuna desturi: kabla ya mnyama kuanguka, mgao lazima ujulikane, ili watu wasije wakagombana mbele ya nyama. Harub akanong'ona, "Paja la nyuma langu mie, mwenye shamba."

Sleyum akasema, "La. Paja la nyuma la aliyemwona mwanzo. Nimemwona mie."

"Hiyo kwenu Donge. Kwetu Muyuni aliyemwona mwanzo hupewa shingo."

"Shingo? Mie nnalala juu ya mawe tangu saa kumi, unipe shingo?"

Waliendelea hivyo. Mwengine akataka kidari, mwengine akauliza ini linakwenda kwa nani. Tulipoinua vichwa, paa alikuwa keshaondoka. Alkhamisi iliyofuata akaja tena, nasi mgao tulikuwa hatujaumaliza. Mgeni rasmi, mgao wa paa yule ulijadiliwa miezi minne, barazani Ansab, harusini Azaiba, hata matangani. Alipokuja mwezi wa tano alikuwa na mtoto nyuma yake, na Sleyum, huyu huyu mwenyekiti wetu, akasema kwa hasira, "Basi na huyo mdogo naye mgao wake tuanze upya?"

Harub akaicheka bunduki yake mwenyewe. Akasema, "Jamaa, tugawane akiwa hai. Siku za wiki ni saba, na sisi saba. Kila mtu achukue siku yake, amtilie maji, amtazame, aandike."

Ndivyo tulivyofanya. Jumamosi ilikuwa ya Harub, na Sleyum aliichagua Ijumaa akasema hilo ndilo paja la nyuma. Bunduki ilirudi kabatini. Hatudai kwamba tulitubu siku ile. Tulizoea, na mazoea yakawa mapenzi. Ile miaka ilikuwa mitamu. Alkhamisi tukija wote, na wake zetu, na chupa za chai ya tangawizi na mkate wa ufuta, tunakaa nyuma ya ukuta tunanong'ona Kiswahili, na paa wanakula hatua thelathini kutoka tulipo. Ukifumba macho ukasikia jani la kunde linakatwa na meno, uko Muyuni, una miaka kumi, na mama yako yu hai.

AIBU YA MBUZI

Kisima chetu kilikauka mwaka 1998. Tukaiomba idara yako gari la maji. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika mifugo, na sisi mifugo hatuna. Tuliogopa kuandika paa, maana tungeulizwa wanafanya nini shambani mwa watu. Mimi katibu, kwa mkono wangu huu, niliandika: mbuzi kumi na mmoja.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki mbili baadaye idara ikatuletea taarifa kuwa mkaguzi anakuja. Tukakimbilia kwa Saeed, akatuazima mbuzi kumi na mmoja. Mkaguzi alikuja saa nne. Mbuzi walikuwa wamefika tangu saa moja, na saa tatu walizozikaa hapa walimaliza kunde zote na kuanza viazi vyetu vya pembeni. Mkaguzi aliwaona wanavyokula akasema hajapata kuona mbuzi wenye njaa kama hawa, hakika mnahitaji maji. Akatia sahihi.

Kwa uongo huo tumepata maji miaka saba. Bi Masouda hakuupenda tangu siku ya mwanzo. Juzi tulipokaa kuandika risala hii, Sleyum alisema mbuzi tuwaache walivyo kwenye faili. Bi Masouda akamwambia, "Mtu anakuja kwetu, tutampa halwa na uongo katika sinia moja? Mie sikai kwenye mkutano huo." Kwa hivyo tunafuta, mbele ya watu. Mbuzi sifuri. Paa, kwa hesabu ya Jumanne iliyopita, kumi na wanne, na watatu kati yao ni wa mwaka huu.

TAABU ZETU

Kati ya wale saba wamebaki wawili. Harub alifariki mwaka 2001, na siku yake ya Jumamosi ameirithi Bi Masouda. Wengine wanne nao wametangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Siku saba zinabebwa na watu watatu. Sleyum haendeshi gari tena, analetwa na mkwe wake kutoka Ansab, na anakaa pale ukutani akiuliza, "Wangapi?" kwa kuwa macho yake hayafiki kwenye hodhi.

Lakini hayo ni ya umri, hayana mkurugenzi. Taabu yenyewe ni hii. Juu ya wadi, paa walipokuwa wakila zamani, pamejengwa nyumba, na ni nyumba za watu wetu, mjukuu wangu mmoja anakaa huko. Barabara mpya imepita chini. Paa wamebaki hapa kwa kuwa tuliwaita sisi. Tuliwapandia, tukawatilia maji kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Hawa walioko leo wamezaliwa kwenye hodhi letu.

Mwezi wa Juni 2002 gari la maji liliharibika siku kumi na mbili. Tulibeba maji kwa madumu katika magari yetu, hayakutosha. Tulidhani paa watapanda mlimani kutafuta mabwawa ya mawe kama walivyofanya bibi zao. Hawakupanda. Walisimama kwenye hodhi wakingoja. Siku ya kumi, siku yangu mimi, nilikuta wawili wamekufa, wamelaza vichwa pale yanapoanguka maji ya bomba la gari. Sisi tuliokula nyama ya paa tangu utoto tuliwazika kwa majembe, na Sleyum alilia waziwazi, na mimi nililia.

Mwindaji anamzoesha paa ili amuue siku moja. Sisi tumewazoesha bila ya kuwawinda, na tumekaribia kuwaua vile vile.

OMBI

Tunaomba gari moja la maji, kila Jumapili kama kawaida, angalau mpaka mvua za baridi, na katika faili paandikwe paa.

Tunajua kuwa kuna watu wanaohitaji maji, nao ni wa mbele kuliko wanyama. Tunajua pia kwamba uongo wetu wa mbuzi unakupa sababu nzuri ya kukataa. Ukikataa hatutakulaumu, wala kahawa hatutaiondoa mbele yako.

Ila tunakuomba hili, mgeni rasmi, na hili ndilo ombi letu khasa. Sisi na wewe ni watu wa adabu. Watu wa adabu hawasemi hapana mbele ya sinia la halwa. Wanasema inshallah, tutaangalia, tutawasiliana. Nasi tutafurahi, tutakusindikiza mpaka garini, tutangoja. Tafadhali usitufanyie adabu hiyo leo.

Saeed anasema paa anaweza kufunzwa kurudi mlimani. Maji yanapunguzwa kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo, siku arubaini, huku juu mawe yakiwa bado na maji na jua halijawa kali. Tukianza kesho tutawahi kabla ya Juni. Tukianza baada ya kungoja jibu lako mwezi mmoja, watasimama pale hodhini kama wale wawili.

Kwa hivyo kama jibu lako ni ndiyo, Mungu aijaze nyumba yako baraka. Na kama ni hapana, tupe hapana yako leo, kabla hujaondoka kwenye mkeka huu. Tutaipokea kwa mikono miwili, na kesho Ijumaa, siku yake Sleyum, tutapunguza ndoo ya kwanza.

Mola akulinde wewe na mama yako, awarehemu waliolima hapa kabla yetu, na awatoshelezee riziki viumbe wake wasiojua kuandika barua.

Ni sisi,
Jamaa wa Shamba la Kunde, Al Amerat:
Sleyum bin Yaarub, mwenyekiti
Masouda bint Aziz
Thabit bin Ghassan, katibu na msomaji