"Na Wewe, Umeota?": Tunamkumbuka Mama Wamboi wa Matisi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko shambani, egemea jembe. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlinunua mboga kwake bila kujua jina lake. Aliitwa Phelista Wakhungu. Ndiye yule mama wa sagaa na mrenda pale Matisi, hapa Kitale. Phelista Wakhungu, mzaliwa wa Lugulu, kaunti ya Bungoma. Alituacha mwezi wa nne, na mimi bado ulimi wangu unakataa kusema "alikuwa".

Pale Matisi walimwita Mama Wamboi, kwa jina la binti yake. Mumewe ni Mzee Gathii, fundi wa baiskeli. Yeye Mbukusu, mumewe Mkikuyu. Walipooana, watu wa pande zote mbili walisema hawa hawatamaliza mwaka. Walimaliza mingi. Na asubuhi za miaka hiyo yote zilianza kwa namna moja tu: Phelista anamimina chai, huku anasimulia ndoto.

Jamani, huyu mama alikuwa anaota! Sisi wengine tunaota, na kabla hatujapata kandambili tumeshasahau. Ndoto za Phelista zilikuwa ndefu, zina watu, zina mavazi, zina ugomvi. Aliota ng'ombe ameingia kanisani na kuketi katikati ya kwaya, na hakuna aliyemfukuza kwa sababu alikuwa anaimba vizuri. Aliota Mzee Gathii ameoa mke wa pili, mama mnene mwenye saa ya dhahabu. Siku hiyo Mzee Gathii aliamka akakuta meza tupu.

"Nikauliza chai iko wapi," Mzee Gathii aliniambia. "Akasema ati niende nikaulize huyo wa saa. Nikaomba msamaha, bana. Makosa nilifanyia ndani ya kichwa yake, lakini njaa ilikuwa ya ukweli."

Nilicheka, naye akacheka. Halafu akaangalia mlango.

Kiswahili chetu nacho kina utani wake. Tunaota ndoto. Tunaota jua. Tunaota moto. Na mahindi pia yanaota. Phelista alipenda kuota kote huko. Wateja wakipungua asubuhi, alivua viatu, akanyoosha miguu juani na kufumba macho. Ukimwuliza bei ya sagaa wakati huo, alikujibu bila kuyafumbua. Jioni za baridi, zile za Julai ambazo Kitale inazijua, aliota moto wa jiko na bakuli la njugu mapajani. Hizo ndizo zilikuwa raha zake. Hakutafuta nyingine.

Lakini Mzee Gathii haoti ndoto. Hajawahi. "Mimi nikilala," anasema, "ni kama stima imepotea, nyumba yote giza. Ikirudi, ni asubuhi."

Kwa hiyo kila asubuhi, Phelista akishamaliza ndoto yake, alimgeukia mumewe na kumwuliza, "Na wewe, Baba Wamboi, umeota?"

"Bado."

"Wewe endelea kurara tu. Itakuja," alimtania, akiiga matamshi yake ya Kikikuyu.

"Kurara ni nini? Sisi huku tunalala."

Hapo binti yao Wamboi alikuwa akicheka mpaka chai inamwagika. Utani ulikuwa huo huo, na siku iliyofuata ulirudiwa kama mpya. Nyumba nyingi zenye furaha, wasikilizaji wapendwa, zina utani mmoja tu, na unawatosha.

Msidhani ndoto kwake zilikuwa mchezo. Wamboi alinieleza hivi: "Mama aliamini kwamba marehemu akikutokea amekuletea kazi. Kuna siku aliota kukhu, mama yake, amekaa nje kwa baridi. Tukaamka tukakuta ameshafunga blanketi mpya kwa leso. Akaenda Lugulu, akapatia mzee mmoja wa rika ya kukhu. Akarudi, hiyo siku hata hakutaka kuongea mingi. Alikuwa tu ametulia."

Na alikuwa na sheria moja. Ndoto husimuliwa ana kwa ana, mchana, mkiwa mmekaa. Ndoto haisemwi kwa simu. Alisema network itaikata katikati, nusu ipotee, na nusu ya ndoto ni hatari kuliko ndoto mbaya. Shikeni hapo, wasikilizaji. Ndoto haisemwi kwa simu.

Mwezi wa nne Phelista alikwenda Lugulu kumtembelea dada yake, Linah. Akiwa huko, kifua kikambana. Alilazwa hospitalini Bungoma. Dada yake alikaa naye kando ya kitanda. Mzee Gathii alikuwa huku Kitale, amebaki nyuma kumaliza kupanda mahindi katika shamba walilokodisha. Alipanga kumfuata Jumamosi. Alipigiwa simu siku ya Alhamisi, mchana, akiwa huko huko shambani. Alhamisi, wasikilizaji wapendwa. Jumamosi haikumkuta.

Sauti ya Phelista ilikuwa nyepesi lakini yenye furaha. Alisema, "Baba Wamboi, nimeota ndoto. Nzuri sana. Nitakuambia nikifika nyumbani." Halafu akamwuliza lile swali lake.

Pale shambani network ni ya kubahatisha. Upepo unapiga, simu inakwaruza. Mzee Gathii hakusikia "umeota". Alisikia "yameota". Akajua mke wake anauliza mahindi. Akamjibu kwa sauti kubwa, kama mkulima:

"Bado! Mvua imechelewa! Lakini ikinyesha hii wiki, yataota!"

Phelista akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Linah akamwambia apumzike. Alipopata pumzi alisema, "Haya basi. Yakiota, unipigie."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho Mzee Gathii aliyoyasikia kwake. Phelista alifariki Ijumaa alfajiri.

Ni siku ya matanga ndipo Linah alipomweleza. "Shemeji," alimwambia, "hakuwa anauliza mahindi. Alikuwa anakuuliza kama umeota. Ulipomjibu mambo ya mvua, si akafurahi! Alisema, 'Huyu mzee wangu ni shamba tu.' Nikamwambia nikupigie tena nikueleze. Akasema niache, atakueleza mwenyewe." Na ile ndoto nzuri? Linah aliiulizia pia. Phelista alimkatalia. Ilikuwa ya mume wake.

Mvua ilinyesha wiki ya mazishi. Mahindi yakaota. Mzee Gathii alikwenda kuyaona, na anasema alisimama pale na simu mkononi, na kwa muda fulani hakukumbuka kwa nini hawezi kupiga.

Tangu hapo amekuwa akimngoja usingizini. Wamboi alimkuta siku moja amelala mchana, karakana imefungwa, akashtuka akidhani anaumwa. "Siumwi," baba yake alimwambia. "Nangoja mama yako." Majirani wamemshauri kila kitu. Ale kidogo. Ale sana. Alale upande wa mke wake. Amehamia upande huo. Akifumba macho, stima inapotea. Ikirudi, ni asubuhi.

Niseme ukweli, nilipotoka nyumba ile nililia barabarani, mtu mzima mimi. Kuna wanaosumbuliwa na ndoto wakatafuta dawa ya kuzifukuza. Huyu anaomba moja tu, hata fupi.

Kwa Mzee Gathii, kwa Wamboi, kwa dada yake Linah kule Lugulu, na kwa wote waliozoea kununua mboga kwake: poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Mungu amlaze Phelista Wakhungu mahali pema.

Nawe unayenisikia, kesho mwenzako akianza kukusimulia ndoto isiyo na kichwa wala miguu, usishike simu. Usimwambie una haraka. Kaa, umsikilize mpaka mwisho.

Nilipoinuka kuaga, Mzee Gathii alinishika mkono. Nilidhani ataomba nitangaze mchango. Hakutaka mchango. Alitaka niwafikishie maneno haya, nami nayasema kama alivyoyasema:

"Phelista alikuwa na watu wengi. Pengine anakuja kwangu anakuta nimefunga. Lakini wako wateja wake, wako wenzake wa kwaya ya kanisa, wako hata wale hawakumjua na wanasikia jina yake leo. Sasa Phelista akimtokea mmoja wao kwa ndoto, asiogope. Asimfukuze. Amwache aongee amalize. Halafu anitafute pale natengenezea baiskeli, Matisi, aniambie. Hata kama si ile ndoto. Hata kama amekuja tu kunisema vibaya."

Mzee Gathii, nimewaambia.