Mwandiko wa Isidor Lubin

Benchi letu lilikuwa ng'ambo ya lango la studio, Hollywood, chini ya dirisha la muuza kahawa. Asubuhi hiyo ya Machi 1953 tulikaa wanne, sote wanakili: mtunzi huandika muziki kwa penseli, sisi huugawa kwa wino, kila mpigaji na karatasi yake. Milton Abrash tulimwita Wino. Ferruccio Dalba, Profesa. Clarence Umstead, Kifutio. Mimi niliitwa Kimya. Usiku uliopita Bwana Desmond Harcastle alikuwa ametwaa tuzo ya muziki bora wa filamu. Mwandiko wa penseli tuliounakili wa muziki huo ulikuwa wa Isidor Lubin, ambaye hakuna studio iliyothubutu kumwajiri kwa jina lake tangu alipotajwa mbele ya kamati ya Bunge kuwa mkomunisti. Sote wanne tulijua, na tulijua pia kwamba atakayesema atafukuzwa kazi.

— Harcastle hata penseli hajui kuichonga, alisema Wino. Muziki ule kautoa wapi?

— Anapiga mluzi bafuni, mkewe anaandika, alisema Kifutio.

— Mkewe yupi? Huyu wa tatu si kiziwi?

— Ndiyo maana umetoka mzuri.

— Acheni utoto, alisema Profesa. Ana shangazi aliyefia Vienna. Humjia ndotoni na fidla. Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa, bwana?

— Shangazi si anashuka kutoka mbinguni?

Tulicheka kupita kiasi cha utani wenyewe. Tulikuwa bado tunacheka Fruma Lubin, mke wa Isidor, alipofika na kusimama mbele yetu. Tulikula mezani kwake kila Ijumaa kwa miaka sita, tukimwita shemeji.

— Hamjambo, shemeji zangu.

Kifutio akainuka kumpisha. Hakukaa.

— Jana Isidor alisikia tuzo redioni, akaivunja redio. Majirani wakaita polisi, wakampeleka hospitali. Anamwambia daktari muziki ule ni wake. Daktari anasema kachanganyikiwa, na saa nne atatia sahihi apelekwe kwa wagonjwa wa akili. Nimemwomba angoje niwaulize walionakili.

Akatutazama.

— Mume wangu amechanganyikiwa?

Profesa, mwenye methali ya kila jambo, alichungulia dirisha la muuza kahawa. Kifutio alikaa tena. Mimi niliukumbuka ukurasa wa arobaini na moja wa muziki ule. Isidor alijua macho yangu ni mabovu. Pembeni aliniandikia: hapa pumzika, noti ni ndogo.

— Mama, alisema Wino, sisi tunanakili tu. Mwandiko hatuuangalii.

Mama, si shemeji. Wino, ambaye Fruma ndiye aliyempakata mwanawe wa kwanza siku ya kutahiriwa.

Akanigeukia mimi.

— Na wewe, shemeji?

Nikaangalia kahawa yangu.

— Niliandika haraka, nilisema. Sikumbuki.

— Asanteni, alisema, akavuka barabara kwenda kituo cha basi.

— Ana watu wake wa kumsaidia, alisema Kifutio.

Saa yangu ilisema saa tatu na dakika tano. Kituo kilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale benchini, na basi lilichelewa. Fruma alisimama pale dakika kumi na moja. Nilizihesabu zote nikiwa nimekaa.