Hadubini ya Watoto: Historia ya Marehemu Mwalimu Optatus Gasper Nandonde

Ndugu waombolezaji, kabla hatujaanza, familia inamwomba kila aliyekaa hapa, awe juu ya jamvi au juu ya kiti, aape moyoni mwake kwamba atakayoyasikia leo hayatavuka barabara ya Newala, kwa maana marehemu mwenyewe alimshikisha rozari dada yake mkubwa, Bibi Agatha, akamwapisha kuwa jambo hili waende nalo kaburini wote wawili. Sasa jeneza hili hapa, na dada amefikiri, ameona kuwa marehemu anakwenda kuzikwa akiitwa mwizi na hakuwa mwizi, na jina baya likishafukiwa na mtu halifukuliki tena, basi kiapo chake anakivunja yeye mbele yenu, kwa kinywa changu mimi ndugu yake, na nyie vyenu mtavivunja wenyewe mkifika nyumbani, tunajuana.

Marehemu Mwalimu Optatus alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika kijiji cha Lukuledi, Wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Gasper Nandonde, fundi wa kuezeka, na mama Mabel, mkulima wa mihogo, na wale wanaosema alizaliwa ametanguliza miguu waache uongo, Agatha alikuwepo akichochea moto wa maji, na alichokiona kikitangulia ni kichwa.

Alisoma shule ya misheni hapo Lukuledi kuanzia mwaka 1949, akaendelea na shule ya kati hadi 1957, na huko ndiko alikoifungua pampu ya baiskeli ya padri ili aone upepo unakaa wapi, akachapwa viboko vinne, akaifunga tena ikawa inajaza vizuri kuliko zamani. Mwaka 1960 alihitimu ualimu, akafundisha shule mbalimbali za Masasi, na tarehe 9 Januari 1978 alihamishiwa hapa Makote, akabaki.

Alifunga ndoa takatifu na Bibiana tarehe 6 Julai 1968, wakajaliwa watoto watatu, Gasper, Oliva, na mmoja ambaye Mungu alimchukua akiwa na siku tisa.

Hapa shuleni alifundisha Sayansi, akaomba apewe stoo ya majembe iwe chumba cha somo hilo, na humo watoto wa darasa la tano na la sita walitengeneza pampu ya maji kwa bomba chakavu na mpira wa kandambili, wakakunja bati kuukuu wakafanya mifereji ya kukinga mvua kutoka paa la shule hadi kwenye mapipa, wakachuja maji kwa mchanga na mkaa, na nyie mliozoea kushuka bondeni na ndoo kichwani mnajua jambo hilo lilipunguza nini. Ilipofika miaka ya ruksa, maduka ya Masasi yakaanza kujaa kila kitu, Mwalimu alisimama kwenye mkutano wa wazazi akasema mtoto hawezi kuamini mdudu asiyemwona, basi kila nyumba ikatoa kisado kimoja cha korosho, na mwezi Februari 1992 ikanunuliwa hadubini, ya mkono wa pili lakini nzima, na watoto wakakwangua picha ya jongoo kwa msumari chini ya kitako chake ili ijulikane ni yao.

Wakubwa nao waliitwa kuchungulia tone la maji ya lambo, mzee Shamte alipotazama akauliza, "Hawa wote nimekuwa nikiwanywa mimi?" akakaa siku mbili bila kunywa kitu isipokuwa chai iliyochemshwa mbele ya macho yake, na tangu hapo kina mama wengi wakaanza kuchemsha maji, na wagonjwa wa kuhara wakapungua, hilo hakuna asiyelikumbuka.

Tarehe 17 Mei 1993, siku ya Jumatatu, chumba kilikutwa wazi, kufuli halikuvunjwa, hadubini haipo. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa Mwalimu, aliouvaa shingoni kama msalaba, na mmoja wa mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Cecil, ambaye ndiye mume wa Sophia, mdogo wa mwisho wa marehemu. Bwana Cecil alisema wake ulipotea tangu sikukuu ya Krismasi, kisha akasimama mbele ya kijiji chote akasema, "Shemeji nakuheshimu, lakini mwenye ufunguo ndiye mwenye jibu, korosho za watu hizo," na watu wakaitikia, tena wengine wao wamekaa hapa leo wanafuta machozi.

Mwalimu alilala rumande siku nne, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi, lakini mwezi Juni akasimamishwa kazi, na kuachiwa na polisi si kuachiwa na majirani. Oliva akienda kisimani aliulizwa, "Baba yako siku hizi chawa wake anawaona wakubwa kama ng'ombe, eti?" mpaka mtoto akaacha shule akiwa darasa la saba, miezi mitatu kabla ya mtihani, hakurudi tena. Chumba cha sayansi kikarudishiwa majembe, mifereji ikang'oka mmoja mmoja, hakuna aliyeigongomea, na kipindupindu kilipopita mwaka uliofuata tulizika watoto watano, wawili wao ni wale waliokwangua jongoo.

Mwaka 1995 binti mmoja wa huku kwetu aitwaye Bimdogo, aliyekuwa akipiga deki katika zahanati moja ya mtu binafsi kule mjini, alimweleza Agatha walipokuwa wakisukana nywele kwamba pale wanapimia malaria kwa hadubini yenye jongoo chini, na kwamba aliyeikodisha kwao ni Bwana Cecil. Agatha alikwenda mbio kwa kaka yake, bila hata kumaliza kichwa, nusu kimesukwa nusu kimetimka, naye Mwalimu akasema, "Dada, Sophia ana watoto sita kwa mtu huyo, nikimtaja Cecil nitakuwa nimemuumiza nani? Mimi nimeshazoea," ndipo akaifuata rozari. Zahanati ile ilifungwa mwaka jana, hadubini ikarudi kwa aliyeikodisha, na Mwalimu aliendelea kumpisha shemeji yake njiani.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 1994, akapata kiharusi mwezi Februari mwaka huu, mkono wa kulia ukafa, akawa akijifunza kuchora pampu kwa mkono wa kushoto, na tarehe 29 Julai alilazwa hospitalini, ambako alifariki dunia siku ya Alhamisi tarehe 7 Agosti 1997, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Sasa mnajua mila ya ukoo wetu, kwamba mtu akizikwa, upande wa mama yake hufungua chumba chake siku hiyohiyo, wakatoa vitu vyote uani, kimoja kimoja, kila jicho likiona, ndipo wagawane. Jana Agatha alimfuata Bwana Cecil, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya mazishi haya, akamvuta pembeni, akamwambia, "Baba Kurwa, hili ni la mimi na wewe tu, watu wameanza kusema hadubini ya shule imo nyumbani kwa mtu hapa kijijini, na kesho chumba cha Optatus kinamwagwa nje mbele ya wote, mimi naogopa sijui kitatoka nini," naye akajibu, "Ahsante dada, kumbe wewe ni mtu wangu." Kisha Agatha akaenda kwa Sophia, akamweleza yote tangu Bimdogo, akidhani atamshika asianguke, na Sophia hakulia, aliuliza tu ufunguo wa chumba cha kaka yake, kile cha uani, uko wapi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Baba Paroko, walimu wenzake, hasa wale wawili walioendelea kumsalimia, na jirani yetu Mama Zuhra, ambaye kwa miaka minne hakukosa kuleta uji na hakuuliza swali hata moja, na wote mlioleta maji, maana tunajua ndoo moja mwezi huu ni kazi ya kutwa.

Mmeona kiti cha mwenyekiti wa kamati ni kitupu, na huko nyuma mmesikia mlango unagongwa, msiogope, si mzimu. Leo asubuhi sote tulipokwenda barabarani kuupokea mwili, Sophia alibaki jikoni, akamwona mumewe akiingia chumba cha kaka yake na kitu ndani ya mfuko wa sukari, ili kije kitolewe uani kama cha marehemu, akamwacha aingie mpaka ndani kabisa, akavuta mlango, akazungusha ufunguo. Ameushika hadi sasa.

Mwalimu Optatus, kaka, nenda ukapumzike, jina lako limekufikia kabla ya udongo. Sophia, mdogo wetu, inuka ukafungue, na wewe Baba Kurwa utoke taratibu, uishike kwa mikono miwili, lenzi zake ni za kioo, na watoto wenyewe wamekaa hapa mbele.