Tunaomba Benchi Juu ya Ngazi

Risala ya Kikundi cha Wakaa Kitini, Mgodi wa Tlhapeng, kwa Mheshimiwa Naibu Waziri wa Madini, siku ya kufungua Jengo la Miwani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri. Bwana Ferreira, meneja wetu. Daktari Xaba wa chuo kikuu pamoja na vijana wako. Viongozi wa chama cha wafanyakazi mliojichagulia kivuli kule nyuma. Mabibi na mabwana, dumelang, hamjambo.

Anayewasomea ni mimi, Modisaotsile Phetlhu, mchimbaji mstaafu. Shule niliishia darasa la nne, nikikwama kwenye neno mtanivumilia. Wenzangu wamenichagua kwa sababu moja tu: mimi sina tena kazi ya kunyang'anywa.

KUKARIBISHA

Karibu Tlhapeng, Mma. Tumeambiwa tukukaribishe kwa furaha, na tunakukaribisha, ila roho zetu haziko mahali pake. Utajua kwa nini kabla hatujamaliza.

Hiyo gemere iliyo mbele yako kaipika Mma Sebolai, na tangawizi kaizidisha makusudi. Usiionje kwa adabu tu, kunywa mpaka chini. Ratiba inasema tukimaliza kusoma utapanda zile ngazi ukavae miwani, na miwani ile haijui nani waziri nani mfagizi.

TULIKOTOKA

Zamani mtu mpya alifundishwa shimoni, ndani ya shimo lenyewe. Uliingia kwenye keji, lile sanduku la chuma linalotushusha, mpiga kengele akapiga kengele, tumbo likakupanda kooni, ukafika chini ukiwa umeshajifunza kuogopa.

Kisha chuo kikuu kikaja na utafiti. Wakatukalisha kwenye kiti, wakatuvalisha miwani mizito inayoziba macho yote. Ndani yake unaona keji, unaona ukuta wa mwamba unapanda mbele yako mbio. Kiti hakijasogea hata unywele, lakini mwili unaapa kwamba unashuka. Vidole vya miguu vinajikunja ndani ya buti. Kuna watu wazima hapa walipiga yowe, majina siyataji, wake zao wapo.

Tukajiita Wakaa Kitini. Mwanzoni tulicheka sana.

TUNAYOJIVUNIA

Tunajivunia kwamba hatukumkatalia Daktari Xaba. Ni binti mwenye heshima, anasalimia kabla ya kuuliza. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba macho yanasema tunashuka, na kitu fulani ndani ya sikio kinasema tumekaa, na ugomvi wao unaamuliwa na tumbo. Akasema pia jambo ambalo hatukulitarajia: wageni wa mgodi hawaumwi sana. Wanaoumwa zaidi ni wazoefu. Mwili wa mzoefu unaijua keji, unaungojea ule mtikisiko wake, na mtikisiko hauji. Hapo ndipo dunia inapomzunguka.

Tulidhani maneno hayo yatatuletea heshima.

YANAYOTUSUMBUA

Mgeni rasmi, aya hii tuliombwa jana tuifute. Tumeiacha.

Ukiwa kitini, kila baada ya muda kijana wa chuo anakuuliza: "Kichefuchefu, sifuri mpaka ishirini?" Sifuri ni mzima, ishirini ni kutapika. Ni swali zuri. Lakini ofisi ya meneja nayo ilikuwa inasikiliza. Wa kwanza kusema kumi na nane alikuwa mwendesha winchi wa miaka mingi. Wiki iliyofuata alipewa ufagio wa uani na mshahara wa ufagio. Wakasema kichwa chake hakifai tena shimo. Wa pili hivyo hivyo.

Wa tatu hakupatikana. Sote tukawa sifuri. Rra Sello, yule pale mwenye kofia ya kijani, alikuwa ameinamia mfuko anatapika, kijana akamuuliza, "Baba, kichefuchefu?"

"Sifuri."

"Lakini baba, unatapika."

"Hii chai tu, mwanangu. Andika sifuri."

Naona unacheka, Mma. Na sisi tulicheka. Kumbe sifuri zile zilikuwa zinapanda juu ofisi kwa ofisi, mpaka likatoka tangazo kwamba miwani ya Tlhapeng haimdhuru mtu, na kwamba itatumika migodi yote. Umeletwa hapa leo na sifuri zetu.

Mke wangu alikuwa Boitshoko. Alikuwa mpiga kengele wa keji, kutwa alikuwa akipanda na kushuka nayo. Kama kuna mwili ulioijua keji ile, ni wa kwake. Siku yake ya kiti ilipofika, asubuhi alikataa uji. Nikamwambia, "Ukisikia vibaya, sema."

Akaniambia, "Niseme, halafu ule nini, baba? Ufagio?"

Yaliyotokea juu nimeambiwa na Sello, aliyekuwa kwenye foleni. Boitshoko alisema sifuri tangu mwanzo mpaka mwisho, jasho likimchuruzika shingoni. Alipovuliwa miwani, Daktari Xaba alimshika mkono. "Mma, usiende bado. Kaa kidogo kwanza."

Mke wangu akatazama huku na huku. "Nikae wapi, mwanangu?"

Chumba kizima kilikuwa na kiti kimoja, na mwenzake alikuwa ameshaitwa kukikalia. Meneja alikuwa mlangoni na saa yake. "Haya, mama, tusonge, foleni ndefu."

Akasonga.

Ngazi zile ni za chuma chenye matundu, ukitazama chini unaona ardhi kupitia miguuni mwako. Mimi nilikuwa nimesimama pale chini namngoja, nimemshikia shali yake. Nilimwona anatokea. Alitabasamu. Kisha akakanyaga kama mtu anayetoka kwenye keji iliyosimama, akaweka mguu mahali ambapo hapakuwa na ngazi.

Walisema ngazi zilikuwa na umande. Mchana wa jua, Mheshimiwa. Na wale wa chama, wa kivulini, wakaitikia kwa vichwa pamoja na meneja, wakala chakula cha msiba kwangu, wakaondoka na gari la mgodi.

Tangu siku ile hakuna kilichobadilika isipokuwa rangi ya ukuta, iliyopakwa kwa ajili yako. Kesho wanaanza kukaa kitini waendesha winchi wote, na kila mmoja wao usiku huu atakuwa anajizoeza kutamka sifuri.

MAOMBI YETU

Hatuombi miwani iondolewe. Vijana wetu wakijifunza bila kufia shimoni, ni heri.

Tunaomba mtu akisema ishirini, ishirini yake ibaki kwa daktari, isifike kwa meneja.

Na tunaomba mahali pa kukaa. Chumba kikipatikana tutashukuru. Kisipopatikana, benchi. Na amri kwamba hakuna atakayezigusa zile ngazi mpaka kichwa chake kitulie, foleni iwe ndefu namna gani.

Benchi la kuanzia tumelileta wenyewe, la kanisani, tukaliweka juu, karibu na mlango. Asubuhi tulikuta limetupwa uani eti linaharibu picha. Tumelipandisha tena. Hivi tunavyosoma, Mma Sebolai na dada yake wamelikalia ili lisitembee.

Mgeni rasmi, ratiba yako inasema miwani, kisha ngazi, kisha gari. Na viatu vyako tumeviona vina visigino. Tunakusihi. Ukishavaa miwani, ukaanza kushuka bila kushuka, yule kijana atakuuliza. Mwambie kweli. Wewe hakuna wa kukupa ufagio. Ukiivua, wale akina mama watakusogezea nafasi. Kaa katikati yao. Wenye saa waache waangalie saa zao. Kaa mpaka sakafu itulie.

Mimi nitakuwa pale chini ya ngazi, nilipokuwa siku ile. Sitaki kuona mwanamke mwingine akitokea mlangoni anatabasamu.

Mungu akushike mkono kwenda na kurudi, na mvua inyeshe kwenu na kwetu. Pula!

Ni sisi,
Wakaa Kitini wa Mgodi wa Tlhapeng, walio hai, na Boitshoko.