Waje Mwezi Gani

Kwenye basi la Beni, mji ulio chini ya milima ya theluji, Sunmaya alibanwa kati ya watu wawili wasiojuana: Tekbir, anayeongoza wapanda mlima na sasa alikuwa akienda kazini, na mama mmoja aliyepakata kikapu cha mashada ya maua ya manjano. Tekbir alisoma kwa sauti ujumbe wa mgeni kwenye simu: mwakani yeye na wenzake waje mwezi gani?

"Waambie wa nne," mama akasema. "Msitu wote mwekundu kwa maua."

"Na ukungu je, mama? Wa kumi ndio mlima unaonekana."

"Wa kumi ndio Tihari, sikukuu ya kaka na dada! Kesho dada yako atampaka nani rangi ya baraka usoni, mbuzi?"

Tekbir alicheka kichovu. "Mwaka wa saba huu anaipaka picha yangu."

"Picha hupakwa ya marehemu, mwanangu. Danganya kidogo."

"Nikidanganya watatafuta mwongozaji mwingine."

"Watafute! Wewe dada mwingine utampata wapi?"

Sunmaya alimwona Tekbir akiandika "wa nne", akafuta, akaandika "wa kumi", akafuta tena. Basi likasimama. Tekbir akajitwika mzigo, akashuka. Mama akamrushia shada dirishani, na ikambidi kwanza aitie simu mfukoni ndipo alidake.