Miaka Saba ya Jikoni kwa MaMpinga

Ijumaa tarehe 29 Novemba 2002, Bi. Nomathamsanqa Gqirhana, ambaye sote humwita kwa ukoo wake, MaMpinga, anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Ntabeni kwa miaka thelathini na minne. Fomu ya Ofisi ya Utumishi iliandika ishirini na saba. Wasomaji mtulie, ugomvi wa hiyo saba ndio habari yenyewe.

Alianza mwaka 1968, mwalimu wa historia mwenye sauti inayosikika hadi mabwenini. Aliandika kwamba watu wetu hawakwenda migodini kwa kupenda: walinyang'anywa ardhi kwanza, migodi ikafuata. Kwa maandishi hayo na mikutano aliyoihutubia, mapema 1976 serikali ya makaburu ilimpiga marufuku. Asifundishe, asichapishe chochote, asikae na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Chuo nacho, tuseme ukweli, kikamfuta kazi wiki hiyohiyo.

Mwaka huohuo wanafunzi kumi na mmoja tulifukuzwa kwa mgomo. MaMpinga akatuma salamu twende kwake kula umngqusho, kande ya kwetu, lakini mmoja mmoja. Si amri ilimruhusu mtu mmoja? Basi aliukata mhadhara vipande kumi na kimoja. Kila mtu alikaa jikoni siku yake, akapewa kipande chake akakikariri, maana karatasi ilikuwa ushahidi. Jumapili tulikutana kanisani tukijifanya kwaya, tukaviunga. Tuliimba vibaya mno, mchungaji wa watu akavumilia.

Askari kanzu mmoja alikuwa anashinda nje ndani ya gari akihesabu wanaoingia. Siku moja akagonga mlango.

"Mko wangapi humo, mama?"

"Wawili. Ingia basi tuwe watatu, mwanangu, ujikamate mwenyewe."

Alirudi garini akaendelea kuhesabu.

Kuna mara tulivuruga mambo. Phakamile Sokhaya alikuwa amepewa hitimisho, lile la mishahara ya migodini, naye akadhani ndio mwanzo, akaanza nalo. Ikabidi turudi kinyumenyume, kipande kwa kipande, tukiuliza kwa nini, mpaka tukafika kwenye ardhi. MaMpinga aliposikia alicheka hadi akashika meza. "Mmeupindua mhadhara wangu, watundu nyie! Sasa uacheni hivyohivyo, umenoga zaidi." Mpaka leo anafundisha kuanzia mwisho, na wahadhiri vijana wanadhani ni nadharia ya Ulaya.

Phakamile alikamatwa mwaka 1980. Walitaka kujua nani anamfundisha. Hakusema. Alifia mahabusu akiwa na miaka ishirini na minne, na faili lake hapa chuoni likabaki na maneno haya: "Alifukuzwa. Hakumaliza." Sisi wengine tulikuja kusoma kwingine baadaye. Yeye hakuipata hiyo baadaye.

MaMpinga alirudishwa kazini mwaka 1983. Akaandika vitabu vitatu, akaongoza idara miaka kumi na miwili, na kwenye vikao vyake hakuna aliyeonja chai kabla ajenda haijaisha.

Fomu ya kustaafu ilipofika mwezi wa nane, aligoma kusaini.

"Nikisaini ishirini na saba, Phakamile nilimfundisha wapi? Ndotoni?" alimuuliza ofisa utumishi.

"Basi lete daftari la mahudhurio, mama," akajibu yule kijana.

Daftari! Enzi zile jina moja tu kwenye karatasi lingetosha kutufunga sote.

Baraza la Chuo likatuita kumi tuliobaki, likatuhoji kila mtu peke yake: ulifundishwa nini? Kila mmoja akasema kipande chake, katibu akaandika, asubuhi nzima. Vikaungana. Kikakosekana kimoja, cha hitimisho. Katibu akatoka hadi varandani tulikokuwa tumekaa, akauliza nani analo. Tulilisema wote kumi kwa sauti moja, kwa sababu Phakamile ndiye aliyetufundisha. Mimi nililia, wala sioni haya kusema.

Jumanne iliyopita ililetwa fomu yenye thelathini na nne. MaMpinga hakugusa kalamu mpaka aletewe faili la Phakamile. Akavaa miwani, akasoma polepole: "Alisoma 1976 hadi 1980. Mwalimu: N. Gqirhana. Amehitimu." Ndipo akasaini.

Ahsante, MaMpinga, kwa kila kipande. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu wa mchana, na kabichi ambazo mbuzi wa jirani hawatazifikia.

Ameomba jambo moja tu: Ijumaa asiagwe yeye kabla Mama Nosanga Sokhaya hajapokea cheti cha mwanawe. Kwa hiyo saa nne kamili litaitwa jina la Phakamile. Tunaomba ukumbi mzima usimame.

Zolani Mbekeni
Idara ya Historia